Mtoto Umemwacha na Nani? Uzazi, Ajira na Muda Usiosimuliwa katika Fasihi ya Nairobi

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna fasihi inayohusu jiji la Nairobi inavyomsawiri mwanamke ambaye ni mzazi na papo hapo ni mfanyakazi. Suala la nafasi ya mwanamke katika fasihi si geni kwa wasomaji wa jarida hili. Limejadiliwa mara nyingi kwa kutazama ndoa, mahari, talaka, elimu ya mtoto wa kike na ukahaba wa mijini. Hata hivyo, kuna kipindi kimoja katika maisha ya mwanamke ambacho uhakiki wetu umekipita kwa haraka, nacho ni kile kinachoanza siku anapojifungua na kuishia siku anaporejea kazini. Katika lugha ya sheria kipindi hiki huitwa likizo ya uzazi. Katika ada za Waswahili huitwa arubaini. Katika riwaya na tamthilia nyingi hakina jina, kwa kuwa hakisimuliwi.

Dai letu ni kwamba waandishi wamempa mwanamke wa Nairobi uzazi, na wamempa kazi, lakini ni nadra kumpa vyote viwili katika ukurasa mmoja. Ili mhusika wa kike afanye kazi, mtoto hana budi kuondolewa: hufa, hupelekwa kwa bibi na babu yake, hutelekezwa, au hadithi hukoma kabla hajazaliwa. Kuondolewa huku si jambo la bahati nasibu. Ni mbinu ya msuko inayoficha gharama, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa na mwanamke mwingine ambaye msimulizi hamtazami.

Swali linaloongoza uchunguzi huu halikutoka katika kitabu cha nadharia. Mwaka 2009 mwandishi wa makala haya alikuwa akikusanya nyimbo za kubembeleza watoto kutoka kwa wanawake wazee wa Majengo, Nairobi, kwa ajili ya tasnifu yake. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na umri wa miezi minne. Kabla ya kuimba chochote, mmoja wa wazee hao alitaka kujua mtoto ameachwa na nani. Alipojibiwa kwamba yupo msichana wa kazi, aliuliza tena: na huyo msichana, wake amemwacha na nani? Swali la kwanza lilikuwa na jibu. La pili halikuwa nalo, kwani mwulizwa hakuwa amewahi kulifikiri.

Tutayaelekeza maswali hayo mawili kwa matini chache tulizoziteua: riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), ambayo inaanzia Pumwani, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Shetani Msalabani (1982), tafsiri ya Kiswahili ya kazi iliyotoka kwa Kigikuyu mwaka 1980, riwaya ya Meja Mwangi, Going Down River Road (1976), tamthilia ya Penina Muhando, Nguzo Mama (1982), na nyimbo za bembelezi. Kisha tutaisoma sheria ya ajira ya Kenya kama matini nyingine, yenye wahusika wake na ukimya wake.

Kwa Nini Majengo

Majengo ndiyo kiini cha Pumwani, eneo ambalo serikali ya kikoloni ililitenga mwanzoni mwa miaka ya 1920 liwe makazi ya Waafrika mjini Nairobi. Jina hilo halipo Nairobi pekee. Mombasa, Moshi na Nanyuki pia zina Majengo. Katika Nairobi ya wakati huo, ambapo Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia aliyekuja kuuza nguvu zake na kurudi kwao, mtaa huu ulikuwa mahali ambapo watu walijenga, wakaoa, wakazaa na kuzikana. Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani humo wakati sehemu nyingine za jiji zilikitumia kama lugha ya kazini tu.

Kwa mada yetu, Majengo ina umuhimu wa aina mbili. Kwanza, ni jirani ya Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926 na kupewa jina la Lady Grigg, mkewe gavana wa wakati huo. Wanairobi wa vizazi kadhaa, wa makabila na dini zote, wamezaliwa katika wodi zake. Pili, Majengo ina historia ya pekee ya kazi ya wanawake. Watafiti Janet Bujra na Luise White wameonyesha kwamba wanawake walikuwa sehemu muhimu ya wenye nyumba wa Pumwani ya awali. White, katika kitabu chake The Comforts of Home (1990), anaeleza kwamba wanawake walioitwa malaya hawakuuza miili yao tu. Waliuza pia chai, chakula, maji ya kuoga na kitanda kilichotandikwa, yaani zile huduma za nyumbani ambazo mfanyakazi wa kiume aliyetengwa na familia yake alizikosa. Fedha hizo zilijenga nyumba za kupangisha. Wengi wao walisilimu, wakapata undugu mpya na njia ya kurithisha mali, na baadhi waliwalea na kuwarithisha watoto ambao hawakuwazaa.

Haifai kuipamba historia hii. Wanawake hao waliishi chini ya misako ya polisi, maradhi na dharau. Lakini kuna mambo mawili ambayo mhakiki hana budi kuyazingatia. La kwanza ni kwamba katika Majengo ya awali kazi ya nyumbani ilikuwa na bei inayojulikana. Haikuitwa mapenzi wala wajibu. La pili ni kwamba mwanamke aliyepokea kodi kibarazani pake hakuwa na haja ya kuchagua kati ya mtoto na kazi, kwa sababu mlango wa nyumba yake ndio uliokuwa mlango wa kazi yake.

Juu ya hayo, mtaa huu ulirithi kutoka pwani ada ya arubaini. Mzazi hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na kazi zake hushikwa na mama yake, dada zake na majirani. Arubaini haitolewi na mwajiri. Inadaiwa kwa jamaa na kwa mtaa, na kila anayeipokea anajua kwamba kesho atakwenda kumkanda mwingine. Mzazi katika siku hizo hasemwi kuwa amepumzika. Anasemwa kuwa yumo katika uzazi, kana kwamba uzazi ni shughuli yenye mwanzo na mwisho wake, inayohitaji watu. Dhana hii tutaihitaji tutakapofika kwenye sheria.

Paulina: Mimba ya Mwanzo na Mimba ya Mwisho

Coming to Birth inaanza mwaka 1956. Paulina, msichana wa miaka 16 kutoka Nyanza, anashuka kwenye gari moshi Nairobi kumfuata mumewe Martin, anayeishi Pumwani. Ana mimba. Baada ya muda mfupi mimba inaharibika, anatibiwa hospitalini, na anapotoka anapotea njia katika jiji asilolijua. Anaporudi, mumewe anampiga. Hivyo basi, mambo ya kwanza anayokutana nayo mhusika mkuu katika jiji hili ni hospitali ya uzazi, barabara asizozielewa, na adhabu kwa kuchelewa kufika nyumbani. Hakuna anayemkanda. Arubaini inafanyika katika nyumba za majirani wa Pumwani, lakini yeye ni mgeni, hana jamaa mjini, na mimba iliyoharibika haimpatii mtu siku 40.

Baadaye Paulina anakwenda Kisumu, anasomea kazi za maarifa ya nyumbani, na anapata ajira ya kuwafunza wanawake wengine. Hapa ndipo anapoanza kuwa mtu wa kujitegemea. Anapata mtoto wa kiume nje ya ndoa yake. Mwaka 1969, katika ghasia za Kisumu zilizotokea wakati wa ziara ya Rais Kenyatta, risasi inamuua mtoto huyo. Paulina anarejea Nairobi na kuajiriwa katika nyumba ya mbunge. Riwaya inakoma mwaka 1978, amerudiana na Martin, naye ana mimba tena.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama istiari ya taifa. Kwa mujibu wa usomaji huo, mimba zilizoharibika ni matumaini ya uhuru yaliyovunjika, na mimba ya mwisho ni Kenya inayojiandaa kuzaliwa upya. Usomaji huu una ushahidi wa kutosha, kwani mwandishi mwenyewe ameyafungamanisha matukio ya Paulina na matukio ya nchi, mwaka kwa mwaka. Kosa lake ni kwamba unamnyang'anya mhusika mwili wake. Taifa halihitaji likizo ya uzazi, Paulina angeihitaji.

Tumwulize basi swali la Majengo. Mimba inamkuta Paulina akiwa na umri wa miaka 38, katika utumishi wa nyumba ya watu wengine. Je, mwajiri wake angempa miezi miwili aliyostahili kwa sheria iliyopitishwa miaka miwili tu kabla? Angekwenda wapi kujifungulia, na nani angeshika kazi zake? Riwaya inakoma pale pale maswali hayo yanapoanza. Hatumlaumu Macgoye kwa kukoma hapo, kwa kuwa kila riwaya ina haki ya kuchagua mwisho wake. Tunalosema ni kwamba mwisho huu una matumaini kwa sababu umewahi kukoma.

Aidha, kuna upande wa pili wa swali. Mke wa mbunge ana watoto na ana shughuli za nje. Anayemwezesha kutoka ni Paulina, mwanamke ambaye mtoto wake amezikwa. Bila kupaza sauti, Macgoye ametuchorea mpangilio halisi wa nyumba za Nairobi: mwanamke mmoja anasonga mbele kwa muda wa mwanamke mwingine. Uhakiki umemtazama sana Paulina kama mke na kama mwananchi. Haujamtazama vya kutosha kama mwajiriwa ambaye kazi yake ni kuwapa wengine nafasi ya kufanya kazi.

Wariinga na Wini: Mtoto Anayeondolewa

Jacinta Wariinga wa Shetani Msalabani ni mpangaji wa Ofafa Jericho, mtaa mwingine wa Eastlands. Alipata mimba akiwa bado shuleni, akamzaa Wambui, na wazazi wake huko Ilmorog wakabaki na mtoto. Baadaye alisomea ukarani na upigaji taipu, akapata kazi mjini, na akafukuzwa alipokataa kuwa hawara wa mwajiri wake, Bosi Kihara. Katika sehemu ya pili ya riwaya tunamkuta amesomea uhandisi wa mitambo na anafanya kazi gerejini miongoni mwa wanaume waliozoea kumdharau.

Wariinga ni miongoni mwa wahusika wa kike wenye nguvu zaidi katika fasihi ya Kenya, na haki yake ya kuheshimiwa kama mfanyakazi imetetewa na Ngũgĩ kwa ukali unaostahili. Riwaya inaonyesha waziwazi jinsi mwili wa mwanamke unavyodaiwa kuwa sehemu ya malipo ya ajira. Lakini tukiuliza mtoto ameachwa na nani, tunapata jibu fupi: kwa wazazi. Jibu hilo halichunguzwi zaidi. Riwaya ambayo inamhesabia mfanyakazi kila senti anayoibiwa na tajiri haijaihesabu kazi ya bibi yake Wambui, wala miaka ambayo kazi hiyo ilimnunulia Wariinga ya kusoma na kusimama. Nadharia ya thamani ya kazi, inayotumika kwa umahiri kiwandani na gerejini, inaishia mlangoni pa jikoni la Ilmorog.

Wini wa Going Down River Road anapatikana upande wa pili wa mizani. Naye ni karani, naye alizaa akiwa msichana mdogo. Anaishi na Ben, kibarua wa ujenzi, pamoja na mtoto wake wa kiume anayeitwa Baby. Siku moja anaondoka na mwajiri wake na kumwacha mtoto kwa Ben. Msimulizi anayaona mambo kwa macho ya Ben, kwa hiyo msomaji anashiriki hasira yake. Hata hivyo, kuna jambo la ajabu linalotokea baada ya hapo. Mtoto anapobaki mikononi mwa mwanamume, ndipo ulezi unapoanza kusimuliwa. Tunajua mtoto amelala wapi, amekula nini, na ni usumbufu gani anamletea mtu anayeamka alfajiri kwenda kubeba zege. Miaka yote ambayo Wini alikuwa akifanya hivyo hivyo kabla ya kwenda ofisini haikuhitaji kusimuliwa. Inaelekea kwamba ulezi huwa tukio la kihadithi unapomwangukia asiyetarajiwa kuufanya.

Ukiwaweka pamoja Paulina, Wariinga na Wini, unapata orodha ya njia ambazo msuko umezitumia kumtenga mama na mtoto: kifo, bibi na babu, utoro. Katika hali zote tatu, mwanamke anayefanya kazi anaonekana akiwa hana mtoto mgongoni. Msomaji wa mijini, hasa msichana anayezisoma riwaya hizi shuleni, anafunzwa bila kuambiwa kwamba kazi ni ya mwanamke aliyepoteza kitu.

Bembelezi na Nguzo

Fasihi simulizi ilikuwa imelijua jambo hili kabla ya riwaya. Kwa kawaida tunafundisha kwamba bembelezi ni wimbo wa mama. Lakini tukizichunguza nyimbo zenyewe, tunaona kwamba katika nyingi kati ya hizo mama hayupo. Amekwenda shambani, kisimani, kuni au sokoni, na anayeimba anamwahidi mtoto kwamba mama atarudi na kitu. Nafsineni katika nyimbo hizo ni dada mkubwa, shangazi, bibi au yaya. Kwa hiyo bembelezi si utanzu wa mapenzi ya mama pekee. Ni utanzu wa kazi, na hasa ni utanzu wa yule anayeshikilia nafasi ya mama aliyekwenda kazini. Wazee wa Majengo waliliona hilo kuwa jambo la wazi kiasi kwamba walistaajabu kuulizwa. Kwao ilikuwa vigumu kuelewa kwa nini mtu abembeleze mtoto kwa wimbo kama ziwa lenyewe lipo karibu.

Penina Muhando, katika Nguzo Mama, analitazama suala hili kwa upana wa jamii nzima. Wanawake wa kijiji cha Patata, walioitwa kwa namba, Bi Moja, Bi Pili na kuendelea, wanatakiwa kuisimamisha nguzo. Haisimami. Kila mmoja anavutwa upande wake na shida na shughuli zake, na hawapati kuinua kwa pamoja. Tamthilia hii imesomwa mara nyingi kama lawama kwa wanawake wasioshirikiana. Kwa maoni yetu, usomaji huo ni mkali mno na unaikosa hoja moja. Nguzo inahitaji watu wenye muda, na muda ndicho kitu ambacho wanawake wa Patata hawana. Arubaini ya Majengo iliwezekana kwa sababu majirani walikuwa na saa za kutoa. Pale ambapo kila jirani ameajiriwa, au anahangaika kibaruani tangu alfajiri hadi usiku, hisani ya mtaa inaishiwa. Hapo ndipo dola inapopaswa kuingia, na ndipo tunapofika kwenye sheria.

Sheria kama Matini

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 1976 ilimpa mfanyakazi wa kike miezi 2 ya likizo ya uzazi yenye malipo kamili. Iliongeza sharti moja: aliyechukua likizo hiyo alipoteza likizo yake ya mwaka katika mwaka huo huo. Tukilisoma sharti hilo kwa jicho la mhakiki, tunaona mtazamo wa msimulizi wake. Msimulizi huyu aliamini kwamba mwanamke anayenyonyesha usiku kucha yumo mapumzikoni, na kwamba haifai mtu mmoja apumzike mara mbili kwa mwaka. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mtazamo huo kuondolewa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 29, iliongeza muda hadi miezi 3, ikafuta sharti la kupoteza likizo ya mwaka, ikamhakikishia mama haki ya kurudi katika kazi yake, na ikampa baba wiki 2. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliwataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, inatoa siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Mkataba wa 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka muda usiopungua wiki 14.

Haya ni mafanikio, na yalipiganiwa. Lakini neno lenyewe tunalolitumia linastahili kuchunguzwa. Likizo linatokana na kitenzi likiza, ambacho katika kamusi kongwe kina maana ya kuruhusu mtu aondoke, na pia maana ya kumwachisha mtoto ziwa. Maana hizi mbili zinakutana katika maisha ya mama wa mjini kwa namna ya kusikitisha. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Sheria inampa mama miezi 3. Kwa asiyekuwa na mahali pa kukamulia maziwa wala saa ya kutoka ofisini, siku ya kuisha likizo ndiyo siku ya kulikiza. Waliolichagua neno hili kwa ajili ya ofisi bila shaka hawakukusudia kejeli hiyo.

Ukimya wa matini hii ni wa aina mbili. Wa kwanza unamhusu mwanamke asiyekuwa na mwajiri. Mama anayeuza mitumba Gikomba, hatua chache kutoka Majengo, hana wa kumwandikia barua ya kuomba miezi 3. Akikaa ndani siku 40, kibanda kinachukuliwa na mwingine na wateja wanahama. Kwake yeye arubaini imebaki kuwa likizo ya pekee, nayo inapungua mwaka hadi mwaka kwa kuwa jamaa wa kumshikia kazi naye yuko sokoni. Malipo ya likizo yamewekwa mabegani mwa mwajiri mmoja mmoja. Asiye na mwajiri hana pa kuyadai, na mwajiri mwenye hesabu fupi ana sababu ya kumwogopa kila msichana anayeomba kazi.

Ukimya wa pili ni wetu sisi wenyewe. Sheria ya mwaka 2007 haikumtenga mtumishi wa nyumbani. Yaya ni mfanyakazi, na kwa mujibu wa kifungu kile kile anastahili miezi 3 yenye malipo kamili kutoka kwa mwajiri wake. Mwajiri huyo, mara nyingi, ni mwalimu, muuguzi, karani au mhadhiri ambaye yeye mwenyewe amepigania haki hiyo kazini. Ni wangapi kati yetu wanaoitoa? Desturi inayojulikana ni kwamba yaya akionekana kuwa mjamzito, hupewa nauli ya kurudi kwao, na mwingine hutafutwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mwanamke msomi ni mdai mchana na mdaiwa jioni. Mwandishi wa makala haya hajitoi katika hesabu hiyo. Swali la pili la mzee wa Majengo lilikuwa limemkuta huko huko.

Pingamizi Moja

Huenda msomaji akapinga kwamba fasihi si ripoti ya tume ya wafanyakazi, na kwamba kumtaka mtunzi asimulie likizo ya uzazi ni kumtaka aache sanaa. Pingamizi hili lina uzito. Siku za mzazi zinafanana, hazina matukio makubwa, na msuko uliozoea safari, ugomvi na mapambano hauna pa kuzishika.

Jibu letu ni kwamba ugumu huo ni wa mazoea ya utunzi, si wa maisha yenyewe. Riwaya za Kiswahili zimejifunza kusimulia kifungo, ugonjwa na kichaa, hali ambazo pia zina siku nyingi zinazofanana. Zimejifunza kuingia ndani ya akili ya mtu aliyelala kitandani. Mtunzi atakayemweka mhusika wake katika chumba kimoja cha Majengo kwa siku 40, na kutuonyesha nani anaingia kusaidia, nani haingii, nani anahesabu siku za mshahara, na nani anamkanda mzazi huku wake mwenyewe amemwacha kwa jirani, atakuwa ameiandika Nairobi yote bila kutoka mlangoni.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba muda kati ya kujifungua na kurejea kazini umekosa umbo katika fasihi ya Nairobi, kwamba pengo hilo huzibwa kwa kumwondoa mtoto, na kwamba nyuma ya kila mwanamke anayesifiwa kwa kumudu kazi na uzazi kuna mwanamke mwingine ambaye muda wake haukuhesabiwa. Neno kumudu lenyewe linapaswa kutumiwa kwa tahadhari, kwa sababu linaugeuza upungufu wa jamii kuwa mtihani wa mtu mmoja.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, uhakiki wa kijinsia uongeze katika vigezo vyake swali la ulezi: pale ambapo mhusika wa kike anafanikiwa, tuulize mtoto ameachwa na nani, na huyo aliyeachiwa amemwacha wake na nani. Pili, utafiti wa bembelezi urudi uwanjani na kuwasikiliza waimbaji kama wafanyakazi, si kama hazina ya mapokeo tu. Wazee wa Majengo wanapungua, na wengi wa waliomwimbia mwandishi mwaka 2009 hawapo tena. Tatu, idara zetu ziitazame hali ya wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Mwanafunzi si mwajiriwa, kwa hiyo kifungu cha 29 hakimfikii. Anayejifungua katikati ya tasnifu huandika barua ya kuomba kuongezewa muda kana kwamba amezembea, na hatima yake hutegemea huruma ya msimamizi na tarehe za ufadhili. Tunaofundisha kuhusu ukombozi wa mwanamke katika fasihi hatuna udhuru wa kulisubiri bunge katika jambo ambalo kikao kimoja cha idara kinaweza kulipatia kanuni ya kudumu.

Ni matumaini yetu kwamba wasomaji, na hasa wanafunzi walio katika hatua ya kuchagua mada, watalichukua suala hili na kulipeleka mbali zaidi, kwa kuzichunguza pia kazi za pwani na za Tanzania ambazo hazikupata nafasi hapa, na kwa kutukosoa pale tulipoteleza.